Bi. Nyevu Kitsao Aipa Kisogo Feni ya Ndia Kuu

Bi. Nyevu Kitsao, mpokea simu wa Kampuni ya Sahili ya Kutoa Mizigo Bandarini, anastaafu leo, tarehe 31 Machi 1999, baada ya kuitumikia kampuni hii kwa miaka ishirini na minane. Aliingia akiwa mwembamba, hana miwani, na ngazi za ofisi yetu ya Ndia Kuu akizipanda mbili mbili. Anatoka akizishuka moja moja, mkono ukutani. Ngazi zenyewe nazo zimechoka, zimelika katikati kama kipande cha sabuni.

Meneja wetu, Bwana Joab Wekesa, alitaka kuuandika wasifu huu mwenyewe. Akaandika mistari mitatu, akaisoma, akaniita. "Mjomba Kombe, andika wewe. Mimi nikiandika inatoka kama barua ya kudai kontena." Nami nikakubali, maana katika jumba hili hakuna aliyemjua Bi. Nyevu tangu siku ya kwanza isipokuwa mimi na mlango wa chini. Shule niliiachia darasa la sita, lakini nimeandika lebo za mizigo iliyofika Kigali, Bujumbura na Lubumbashi, na haukupotea hata mmoja. Kwa hivyo na huu utafika.

Bi. Nyevu ni mtu wa Rabai. Alizaliwa huko, akasoma huko, akaja mjini kutafuta kazi mwaka wa 1971 na kiatu kimoja kimeshonwa kwa uzi wa nyavu. Wakati huo simu za ofisi zilipitia kwenye ubao wa nyaya. Mpokea simu alikaa mbele ya ubao, akichomoa huku na kuchomeka kule, kama mtu anayefuma. Wengine waliofanya kazi hiyo kabla yake walipiga kelele kutwa nzima. Yeye hakupaza sauti. "Sahili, subalkheri," alisema chini chini, na mteja aliyepiga akiwa amefura kwa hasira naye akashusha yake, akaona haya. Nimeona wenye malori waliokuja kupigana wakiondoka wameagiza mzigo mwingine, kwa ajili ya sauti hiyo tu.

Mwaka mmoja wa masika makali, laini ya Nairobi ilikatika na vifaranga wamekaa bandarini ndani ya makasha, wanalia, na karatasi zao ziko Nairobi. Bi. Nyevu aliwapigia watu wa Voi, Voi wakampa Mtito Andei, Mtito Andei wakambembeleza mtu wa Athi River, sauti ikapitishwa mkono kwa mkono kama ndoo ya maji penye moto. Na asikudanganye mtu: aliyekuwa juu ya paa la jumba hili, ameushika waya uliokatika kwa meno yake, mvua yampiga mgongoni, alikuwa ni mimi. Maneno ya Nairobi niliyasikia ndani ya fizi. Hadi leo jino langu la nyuma likiuma najua Nairobi kunanyesha. Vifaranga walitoka wote wazima.

Hiyo ndiyo miaka yake mizuri. Iliyofuata ni miaka ya feni.

Ubao wa nyaya uliondolewa mwaka wa 1994 tukaletewa mtambo mpya, sanduku la chuma la rangi ya maziwa yaliyolala, nasi tukauita swichi. Sifa yake kubwa ilikuwa hii: ulizipa simu zote za ofisi umeme kupitia waya ule ule wa maneno. Simu haikuhitaji soketi wala betri. Unavuta waya mwembamba kama uzi wa tiara, unachomeka, simu inawaka, ina kioo, ina taa nyekundu na kijani. Tuliiona kama miujiza. Lakini chombo chenye kulisha wengine umeme kutwa kucha hupata joto, na ili kisiungue kilitiwa feni nyuma, ndogo, haizidi sahani ya kikombe. Sanduku likawekwa ndani ya kabati, kabati likawekwa ubavuni mwa meza ya Bi. Nyevu, kwa sababu nyaya zote za jumba zilikuwa zimeshafika hapo tangu enzi za ubao. Hakuna aliyemuuliza.

Feni hiyo, jamani. Nimefanya kazi kwenye chumba cha injini cha meli ya Wagiriki, nimelala kando ya reli ya Changamwe, lakini kelele kama ile sijaisikia. Haikunguruma tu, ilikuwa na mluzi ndani yake, mwembamba, unaoingia sikio hili ukatafuta njia ya kutokea lile usiione. Kunguru wa Ndia Kuu, ambao hawamwogopi yeyote, walihama paa letu wakaenda kuishi Kibarani kwenye jaa. Wavuvi wa Liwatoni waliniambia walipotea baharini kwa ukungu, wakaisikia, wakajua mji uko wapi. Nilipowaambia watu wa ofisi walinicheka. Lakini kunguru si walihama?

Na kadiri miaka ilivyokwenda ndivyo ilivyozidi, kwa sababu kila mtu alitaka simu yake mezani. Mwenye simu yenye kioo na taa alikuwa mtu. Asiye nayo alikuwa mpita njia. Meneja alikuwa nazo tatu: ya mezani, ya kimeza cha kahawa, na moja chooni. Bi. Tumu wa hesabu alikuwa na yake na nyingine ya akiba. Mimi nilikuwa nayo huku chini stoo, juu ya rafu ya kamba na turubai, na sitaki kusema uongo, ililia mara chache, tena nyingi katika hizo walikuwa watu waliokosea wakitafuta duka la halua. Lakini ilikuwa inawaka taa, na mtu akiingia aliona kwamba stoo ina mwenyewe. Mwaka wa 1996 zikaja kompyuta, nazo na kisanduku chao cha kuziunganisha, chenye feni yake, kikasukumwa ndani ya kabati lile lile. Sasa zilikuwa feni mbili, moja ikipiga mluzi, moja ikiitikia.

Bi. Nyevu alikaa hapo. Asubuhi alifika, akaweka mto wake wa kiti, akaweka kikombe chake, akaivaa ile kelele ya feni kama mtu anavyovaa nguo ya mvua. Sauti yake ilipanda. Alianza kusema "Sahili, subalkheri" kwa nguvu, kisha kwa kelele, kisha akawa anaiacha subalkheri na kusema Sahili tu ili kuhifadhi koo. Alisema hata akiwa kitandani kwake Majengo anaisikia feni. Akienda Rabai Jumapili, mwalimu wa kwaya, aliyemweka mstari wa mbele tangu ujana wake, alimwomba kwa adabu akae nyuma kidogo, maana alikuwa akiimba kama anayemwita mtu ng'ambo ya mto. Hilo alinieleza siku moja ngazini, amekaa, viatu amevua. "Mjomba," aliniambia, "nimechoka mpaka na jina langu." Nami nikakaa. Hapo ngazini ukuta una unene wa mtu mzima na nusu, feni haisikiki sana. Tulikaa mpaka simu ikamwita.

Sasa nifike kwenye mwezi wa tatu wa mwaka wa 1997, ambao ndio sababu ya wasifu huu kusomwa leo na si miaka miwili iliyopita.

Joto la mwezi huo mnalijua. Hata ukuta ulikuwa unatoka jasho. Mteja mmoja mkubwa wa Kampala alipiga simu, akasikiliza, akauliza, "Samahani, nimepigia kinu cha mahindi?" Akakata. Akapiga tena, akasema hasikii, akakata. Ya tatu akampigia meneja nyumbani kwake. Bwana Wekesa alikuja kesho yake amekunja uso, akasimama mbele ya meza ya Bi. Nyevu, na ili asikike ilibidi apige kelele, na kwa hivyo sote tulisikia.

"Mama Nyevu, wateja wanalalamika! Hawakusikii!"

"Hawanisikii mimi au wanaisikia feni?"

"Kwa mteja ni mamoja! Mwezi ujao tutaleta mashine ya kuitikia simu, yenye sauti ya kanda. Wewe utakwenda godauni la Shimanzi, ukae getini, uhesabu malori."

Shimanzi mnaijua. Malori kutwa, moshi, vumbi, na geti halina hata kivuli cha kofia. Bi. Nyevu wakati huo alikuwa na miaka hamsini na mitatu, magoti mabovu na kifua chepesi kushika. Alikuwa amebakiza miaka miwili. Alimtazama meneja, akamwambia, na safari hii hakupaza sauti, tukalazimika kuusoma mdomo wake: "Shimanzi siendi, baba. Niliingia hapa kwa miguu yangu, na siku yangu ikifika nitatoka kwa miguu yangu. Ukinisukuma kabla, natoka leo." Meneja naye si mtu mbaya, ni mtu aliyechoka kama sisi. Akasema, "Basi inyamazisheni hiyo kelele kabla ya mwezi kwisha. Mkishindwa, hakuna la kunilaumu."

Basi tukaingia kazini.

Sasa, nyumba za watu wetu hamzijui? Hakuna kitu kinachoachwa uchi. Redio ina kitambaa chake cha kufuma, chupa ya chai ina chake, mikono ya viti ina yake. Bi. Nyevu tangu siku ya kwanza alikuwa ameifunika swichi kitambaa cheupe chenye maua, kwa ajili ya vumbi na kwa ajili ya heshima. Alipotishwa na Shimanzi alikaa akafuma kingine, kizito, cha uzi wa sufu, kikubwa kama shuka, akakivisha sanduku zima mpaka nyuma. Mluzi ukapungua. Akaniita. "Mjomba, huko stoo una nini?"

Nina nini? Mimi ndiye niliyefunga piano ya Mzungu kutoka Mombasa mpaka Goma, barabara yote mashimo, ikafika ikapigwa siku hiyo hiyo. Nilileta sponji la kufungia friji, nikalizungusha. Juu yake nikaweka gunia la katani. Juu ya gunia nikakunja jamvi. Nikasukuma mlango wa kabati kwa goti mpaka ukafunga.

Kimya.

Sijui niwaelezeje. Tulisikia saa ya ukutani, ambayo wengi hatukujua kuwa inalia. Tulisikia muuza kahawa akigonga vikombe kule chini barabarani. Bi. Tumu aliacha kuandika akasema, "Shoga, kumbe huwa unapumua!" Bi. Nyevu aliinua mkono wa simu akasema "Sahili, subalkheri" kwa ile sauti ya 1971, na machozi yakamtoka, na aliyekuwa amepiga akadhani amefiwa. Siku hiyo sote tulikwenda kwetu tukiwa na nguvu za kuongea na watoto. Meneja alinipa mkono. Ijumaa Bi. Tumu akafukiza udi ofisi nzima, kwa shukrani, kama afanyavyo kila Ijumaa lakini mara mbili, na moshi mwingine ukaingia kabatini kupitia chini ya mlango.

Jumatatu simu ya meneja ilikufa, kioo kikazima. Akaenda kwenye ya kimeza cha kahawa, nayo ikafa mkononi mwake. Ya chooni hatukuuliza. Moja moja, taa nyekundu na kijani zikazimika jumba zima, na kompyuta zikaacha kusikilizana. Harufu ikatoka kabatini kama ya mtu anayepiga pasi shati la nailoni. Na siku hiyo, kati ya siku zote, meli ilikuwa imefunga gati na mzigo wa yule mteja wa Kampala uko ndani yake, naye akawa anatupigia hatupatikani. Ilibidi niende bandarini kwa miguu na karatasi kifuani, nikarudi, nikaenda tena, mpaka mzigo ukatoka. Wenye baiskeli niliwapita. Hilo liko nje ya wasifu huu, lakini liandikwe.

Fundi aliyekuja alikuwa Bwana Odera, wa waliotuuzia mtambo. Mtu mrefu, mpole, ana kikoba cha bisibisi. Akafungua kabati, hewa ikampiga usoni kama ya tanuri la mkate, akarudi nyuma. Akaanza kuvua: jamvi, gunia, sponji ambalo lilikuwa limeanza kulainika kama halua, kisha kitambaa cha sufu. Kila alichokivua alikitandika sakafuni. Mwisho akatugeukia.

"Ni nani alimvika huyu?"

Tukatazama dari. Boriti za jumba lile ni nzuri sana.

"Koti, blanketi na jamvi," alisema Bwana Odera, "Mombasa, mwezi wa tatu. Hata mimi ningekufa."

Akatuonyesha. Feni ilikuwa imezibwa nyuzi za sufu, zimegandana na masizi ya udi, imekwama haizunguki. Juu ya kitambaa cheupe cha maua, kile cha kwanza, palikuwa na alama ya kahawia ya duara, kama pasi imesahauliwa. Akaisafisha feni kwa brashi, akaweka tone la mafuta, akawasha. Mluzi ukarudi. Bi. Nyevu alifumba macho.

Bwana Odera akamtazama, akafunga kikoba, kisha akakifungua tena. Akavuta kiti. "Mama," alisema, "feni hii ina akili ya joto. Sanduku likipoa, inatulia. Likipata moto, inakimbia. Na hili sanduku lina moto kwa sababu linalisha wengi. Kila simu yenye kioo na taa, hata kama hailii, inakula kutoka hapa usiku na mchana. Mmekaa wengi kwenye sinia moja. Mimi siwezi kuinyamazisha feni. Nyinyi mnaweza kuinuka kwenye sinia."

"Mtambo mkubwa zaidi?" aliuliza meneja.

"Mtambo mkubwa una feni kubwa, na mngeujaza vile vile."

Kila mmoja alikuwa akiiwaza simu yake. Mtu mwingine atacheka, lakini aliyekaa miaka kumi na mbili akisubiri kupewa simu mezani hawezi kucheka. Bi. Nyevu hakutuomba. Aliinuka, akakunja mto wake wa kiti, akaosha kikombe, akakifunga ndani ya kitambaa kilichoungua. Alikuwa anaenda. Si Shimanzi, alikuwa anaenda kwao, miaka miwili kabla ya siku yake, na feni inamsindikiza.

Nilishuka ngazi. Nikachomoa simu yangu ya stoo kwenye ukuta, nikazungusha waya wake, nikapanda nayo, nikaiweka juu ya meza yake. "Hii haijawahi kuniletea habari njema," nilisema. "Anayenitaka aje ngazini aite." Na ninawaambia, ngazi zile siku hiyo nilizipanda tatu tatu.

Bi. Tumu akaleta ile ya akiba, akaiweka. Akasimama. Akarudi akaleta na nyingine, na kile kifuniko chake cha plastiki chenye waridi. "Tutatumia ile moja iliyobaki, hesabu nzima," alisema, "kwani tuna siri gani?" Wa forodha wakaleta yao. Wa malori wakaleta. Meza ikajaa kama duka. Na kwa kila iliyochomolewa, feni ilishuka pumzi moja, na ile ya kompyuta ikaifuata kabati lilipopoa, zikashuka, zikashuka, mpaka tukaanza kusikia tena ile saa.

Meneja alikuwa amesimama mlangoni kwake muda wote. Akaingia, akatoka na ya kimeza cha kahawa. Bi. Nyevu akamtazama tu, bado amelishika lile furushi la kikombe. Bwana Wekesa akarudi ndani tena, akakawia, akatoka na ya chooni, waya unaburuta nyuma yake.

"Hii ilikuwa ya dharura," alisema.

"Dharura yenyewe ndiyo ile ile, bwana meneja," alijibu Bi. Tumu, "na wala huwezi kuiahirisha kwa simu."

Tulicheka mpaka Bwana Odera akaangusha bisibisi. Bi. Nyevu naye akacheka, akakaa, akatoa kikombe. Mara simu yake ikalia. Alikuwa mteja wa Kampala. Alisikiliza kimya cha upande wetu, akauliza kama tumehama ofisi.

"Hatujahama, baba," alisema Bi. Nyevu, chini chini. "Tumepunguza tu."

Mashine ya sauti ya kanda haikuletwa. Kabati lilihamishwa siku chache baadaye hadi mapumziko ya ngazi, mahali pale tulipokuwa tukikaa, ambapo upepo wa bahari unapita na ukuta ni mnene. Bwana Odera alizirefusha nyaya na kuung'oa mlango wa kabati ili tusipate tena mawazo. Feni imo, inanong'ona. Kunguru wamerudi, na sijui kama hilo ni jambo la kushukuru.

Ila tulikuwa tumesahau kitu kimoja. Zikiwa simu zimebaki chache, aliyetafutwa alipaswa kuitwa, na wa kuita ni Bi. Nyevu. Basi akawa anampokea mteja kwa ile sauti ya hariri, akimwambia asubiri kidogo, kisha anageuza kichwa kwenye uwazi wa ngazi na kupiga ukelele ambao feni saba zisingeuweza: "MJOMBA KOMBEEE! SIMU!" Watu wa Ndia Kuu wote wanalijua jina langu sasa. Nimeamkiwa sokoni na watu nisiowajua. Miaka miwili nimepanda ngazi zile kwa ukelele huo, mara nyingine nikakuta ni yule anayetafuta duka la halua. Magoti yangu yamekwisha. Nikilalamika, husema, "Kwani ni nani aliyeitoa simu yake kwanza?"

Katika miaka hiyo miwili amefanya mengine mengi. Wakati wa mvua za El Niño, barabara ya Nairobi ilipokatika na madereva wetu wakazagaa njiani, alikaa kwenye simu akawatafuta mmoja mmoja, hoteli kwa hoteli, kituo kwa kituo, akawapigia wake zao kuwaambia kuwa ni wazima. Aliwafundisha wapokea simu wa kampuni jirani. Mwalimu wa kwaya amemrudisha mstari wa mbele. Nilikwenda Rabai kuhakikisha mwenyewe, nikakaa benchi la mwisho, na nikamsikia hadi pale, tena vizuri, hakuna aliyeziba masikio.

Hatujui tumpe nini mtu kama huyu. Tulichanga, tukashauriana, wengine walisema saa, wengine walisema sufuria kubwa. Mwishoni meneja akamuuliza mwenyewe, na Bi. Nyevu akasema anaitaka simu yake. Hiyo hiyo ya mezani kwake, yenye kioo na taa. Bwana Wekesa akamkumbusha kwamba kwao Rabai hakuna laini, wala simu hiyo haiwezi kuwaka bila swichi.

"Ndiyo," alisema Bi. Nyevu. "Nataka simu isiyolia."

Bwana Odera alikuja leo asubuhi kuichomoa. Sote tulikuwepo, kila mtu akijifanya ana shughuli. Alipouvuta ule waya, kule kwenye mapumziko ya ngazi feni ilishuka kidogo, kidogo sana, kama mtu anayekaa vizuri. Tuliisikia sote. Miaka mitano tumekililia kimya, na hiki cha leo hatukukiomba.

Saa kumi atakabidhiwa simu hiyo, imefunikwa kile kitambaa cheupe chenye maua na alama ya kahawia juu, naye ataibeba mwenyewe, hataki kusaidiwa. Atashuka ngazi moja moja, mkono ukutani, kwa miguu yake, siku yake.

Kwa niaba ya Sahili nzima, ya Ndia Kuu na ya Shimanzi, ya meneja, Bi. Tumu, wa forodha na wa malori, asante, Bi. Nyevu. Nenda kapumzike Rabai, penye hewa, masikio yako yasikie kuku na watoto na kwaya. Na hiyo simu ikilia mezani, najua haina waya, lakini nakujua wewe na nazijua laini ulizozifufua, basi ikilia usiipokee. Mwache mpigaji achoke. Akitafutwa mtu huku, nitapanda mwenyewe bila kuitwa.

Mjomba Kombe, stoo.